Mama Laki Saba

Jina la Laki Saba hakupewa na wazazi wake. Alipewa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, miaka kumi na miwili iliyopita, siku mwanamke huyu alipopandishwa cheo kuwa mpishi mkuu wa kiwanda cha sabuni. Huyo shemeji ni mtu wa sauti. Ukimpa siri, hesabu umeitangaza. Kwenye chakula cha kumpongeza alimvuta pembeni akamwuliza, "Shem, wanakupa ngapi huko?" Naye, furaha imemjaa pomoni, akamnong'oneza, "Laki saba." Weee! Kabla sahani hazijaondolewa mezani nyumba nzima ilikuwa inajua, na kabla wiki haijaisha mtaa mzima ulikuwa unajua. "Mpisheni Laki Saba akae!" "Nyamazeni, Laki Saba anataka kusema!" Jina likaganda hapo hapo, na halijabanduka.

Na tusidanganyane, wakati ule ilikuwa pesa. Katika ukoo ule hakuna mwanamke aliyewahi kuushika mshahara kama huo, na wanaume waliowahi walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, tena vikabaki. Mwanamke aliyeingia kiwandani na miaka ishirini na mitatu, kazi yake kupanga miche ya sabuni kwenye maboksi, leo mpishi mkuu! Meneja mkuu alipomwita ofisini alimwuliza, "Sasa unafikiri tukupe ngapi?" Naye akajibu vile alivyolelewa kuwajibu wakubwa, macho yako sakafuni: "Mtakachoona, bosi." Wakaona laki saba. Alilia pale pale kwenye kiti, mpaka meneja akamsogezea karatasi laini za kujifutia.

Kazini hawakumwita Laki Saba. Kazini alikuwa Mama Mpishi, na heshima yake haikuwa ya kubahatisha. Kupika sabuni si kukoroga uji. Mafuta yanachemka kwenye vyungu virefu kuliko mtu, magadi makali yanamiminwa kidogo kidogo, na ukikosea kipimo unawaunguza watu ngozi nchi nzima. Maabara ina mashine zake, ndiyo, na zinatoa majibu baada ya saa nzima. Mama Mpishi hangoji saa nzima. Anachota uji wa sabuni kwa kijiko cha mti, anaupoza, anaugusisha kwenye ncha ya ulimi. Ukiuma, magadi bado yamezidi. Usipouma, sabuni imeiva, anasema "Mwageni chumvi," na wanaume kumi na wawili wanamwaga chumvi bila kuuliza. Miaka thelathini na moja kiwandani, na ulimi ule haujawahi kuharibu chungu hata kimoja.

Sasa ulimi wa namna hiyo, mtu angedhani unaweza kusema lolote. Thubutu! Kila mwaka walimwongeza elfu tatu, mwaka mzuri elfu nne, pamoja na katoni ya sabuni aliyoipika mwenyewe, naye akasema asante. Mshahara ukatambaa kwa miaka kumi na miwili ukafika laki saba na elfu arobaini. Bei ya kila kitu ilikuwa imeruka mara mbili, mara tatu, lakini angeanzia wapi kulalamika, na hilo jina lake? Watu wakimwuliza, "Siku hizi umeshafika milioni ngapi wewe?" anacheka na kusema, "Mungu anasaidia," wao wanaelewa wanavyotaka kuelewa. Mwaka juzi walikuja wasichana wa chuo na fomu zao, wakiwauliza wanawake wenye vyeo: mshahara wako unauonaje, wa chini, wa kati, au wa juu? Mama Mpishi akatia tiki kwenye wa juu. Tena tiki nene.

Basi, Alhamisi moja asubuhi alikwenda kuchukua karatasi za mshahara za watu wake, kama anavyofanya kila mwisho wa mwezi. Utaratibu wa pale ni kwamba karatasi zinakunjwa mara tatu, zinabanwa pini, jina linaandikwa nje, kisha mkuu wa kila idara anawagawia watu wake. Miaka yote hiyo hakuwahi kufungua ya mtu. Ila mwezi ule karani alikuwa ameishiwa pini. "Nisamehe, Mama Mpishi, leo zimekunjwa tu," alisema.

Alipoziweka kwenye meza yake karibu na vyungu, mvuke ukazilainisha, na moja ikajikunjua polepole mbele ya macho yake. Ilikuwa ya msaidizi wake, kijana wa miaka thelathini na minne ambaye wenzake walimpachika jina la Digrii kwa sababu aliitaja digrii yake kila siku ya wiki yake ya kwanza. Angeweza kugeuza uso. Hakugeuza. Tena si kwamba aliona kwa bahati mbaya; aliinama, akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari kama mwizi anayekagua mali. Milioni moja na laki tano.

Alisoma tena akihesabu sifuri kwa ukucha. Mshahara wake mara mbili, na chenji inabaki. Na Digrii huyu ni yeye aliyemfundisha! Alipokuja hakujua hata mvuke wa sabuni iliyoiva unanukaje. Siku ya usaili wake Mama Mpishi alikuwa mmoja wa waliomhoji, lakini yalipofika mambo ya pesa meneja alimwambia, "Mama, hapa tuachie sisi," naye akatoka kwa adabu zake zote kwenda kuangalia vyungu. Kumbe huko ndani mtu alikuwa anataja bei.

Aliikunja haraka. Digrii alipokuja kuichukua, aliipokea kwa mikono miwili, maana kwa kweli ni kijana mwenye heshima, akasema, "Asante, Mama Mpishi. Polepole tutakufikia na sisi."

"Mtafika tu, mwanangu," alisema Mama Mpishi.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Aibu ya kuchungulia karatasi ya mtu. Aibu ya mshahara. Na aibu ya huo uongo wa mwisho, ambao ulitoka mdomoni laini kabisa. Siku ile kwa mara ya kwanza alionja sabuni akasahau kusikiliza ulimi, ikabidi achote tena, na wanaume kumi na wawili wakatazamana.

Alifika nyumbani jua halijazama, na kabla hajafungua mlango alisikia sauti ya shemeji ndani. Shemeji alikuwa amesimama katikati ya sebule kama mtu aliyeshinda kura, na kando yake alikuwa Kitinda, binti wa mwisho wa Mama Mpishi, amevaa sketi ya bluu ya kuazima. Asubuhi hiyo Kitinda alikuwa na usaili kwenye kiwanda cha mafuta ya kupikia upande wa pili wa mji. Mwaka mzima na nusu tangu amalize chuo alikuwa akitafuta kazi ya maabara.

"Wamenichukua, mama!" Kitinda alimrukia shingoni. "Mama, wamenichukua! Na unajua wamenipa ngapi?"

"Subiri, subiri, mwache akae kwanza," shemeji alifoka kwa furaha. "Kaa, shem. Utaanguka."

Mama Mpishi akakaa.

"Waliniuliza nataka ngapi," Kitinda alisema, "nikakumbuka ulivyoniambia, nisiwe na tamaa, nisijipandishe. Lakini na mimi nikajipa moyo. Nikasema, laki saba! Mama, niliposema tu nikajuta, nikajua wanacheka. Wakatazamana, yule mama wa utumishi akaandika haraka haraka, akasema sawa. Sawa! Hata hawakubishana! Kesho saa sita mchana napeleka mkataba umesainiwa. Nimekufikia, mama. Siku ya kwanza tu kazini, nimekufikia ulipoanzia ukuu!"

"Laki Saba wawili ndani ya nyumba moja!" shemeji alipiga makofi. "Nani kama sisi? Hebu niambieni, nani kama sisi?"

Hapo Mama Mpishi alijua kila kitu. Alijua kwa nini walitazamana, na kwa nini yule mama aliandika haraka. Alijua pia kilichompasa kufanya, tena hapo hapo, kabla kalamu haijaguswa: amwambie mwanawe kwamba laki saba si kilele cha chochote. Lakini ili aseme hilo ilibidi aseme na lingine, na shemeji amesimama pale na mdomo wake. Akafungua kinywa. Akasema, "Hongera, mwanangu."

Mnaona? Mtu mzima wa miaka hamsini na minne. Shemeji aliondoka akiimba, Kitinda akalala na mkataba chini ya mto, na Mama Mpishi akalala akiutazama ukuta.

Asubuhi alijaribu kupita kichochoroni. Kitinda alikuwa mezani, mkataba umetandazwa, anatafuta kalamu inayoandika vizuri.

"Kwani huwezi kuwaomba wakuongeze kidogo?" Mama Mpishi aliuliza akiwa amempa mgongo, anaosha kikombe ambacho kilikwisha kuwa safi.

"Niwaombe tena? Mama, si nimetaja mwenyewe!"

"Watu wanabadilisha. Sema umefikiria upya."

"Nifikirie nini?" Kitinda alicheka. "Mama, wewe umeanzia kufunga maboksi ukafika laki saba baada ya miaka kumi na tisa. Mimi ninaipata leo, sina uzoefu hata wa siku moja. Nikisema haitoshi si nitakuwa nakutukana?"

Hilo lilimchoma kuliko karatasi ya Digrii. Binti yake alikuwa anajipunja kwa heshima ya mama yake. Alikuwa amekua akisikia namba moja tu ikitajwa kwa makofi na vigelegele, akajua hapo ndipo mwanamke anapoishia, ukifika hapo umefika. Nani alimfundisha? Si mwalimu, si shemeji. Shemeji alipiga kelele tu. Aliyekaa kimya miaka kumi na miwili ni yeye.

Kitinda akaipata kalamu. Akaijaribu kwenye kona ya gazeti, ikaandika.

"Ngoja," alisema Mama Mpishi.

Jikaze kisabuni, alijiambia, na ingekuwa siku nyingine angecheka, maana ndiyo utani wao kiwandani. Akaingia chumbani, akatoa mkoba wake, ndani ya mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa mara tatu isiyo na pini. Akarudi akaiweka juu ya mkataba. Hakuweza kusimama karibu. Alirudi kwenye kikombe chake.

Alisikia karatasi ikikunjuliwa.

"Hii ni ya zamani," alisema Kitinda.

"Soma tarehe."

"Ya jana."

"Ya jana."

"Laki saba na elfu arobaini." Kitinda aliisoma kama mtoto anayejifunza kusoma. "Lakini mama... si wewe ndiye... Ada yangu ya chuo ulitoa wapi?"

"Usiniulize nilitoa wapi. Nilitoa." Maji yalikuwa yanamwagika bure kwenye sinki, akayafunga. "Msaidizi wangu anapata milioni moja na laki tano. Niliyemfundisha mimi. Ana miaka mitatu tu pale. Naona aibu, mwanangu. Naona aibu mpaka natamani nisingekuwa na uso. Watu wananiita kwa pesa, na hiyo pesa yenyewe si chochote, nami nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nilipenda kuitwa."

Alitegemea binti atakasirika. Angeshukuru kama angekasirika. Lakini Kitinda alimtazama kwa macho ya huruma, macho ambayo mtoto humtazama nayo mzazi mgonjwa, na hapo ndipo Mama Mpishi alipoinamisha kichwa.

"Niseme ngapi, basi?" aliuliza Kitinda.

"Sijui. Mimi sijawahi kutaja. Sema milioni moja na laki mbili, wakishusha wasishuke chini ya milioni."

Kitinda alipiga simu hapo hapo, akaiweka kwenye spika ili mama asikie, huku amemshika mkono wenye povu. Ilipokelewa na yule mama wa utumishi. Kitinda alisalimia, akajing'ata mdomo, akasema samahani, hataweza kusaini, anaomba wazungumze upya, anatarajia milioni moja na laki mbili.

Yule mama akacheka, si kwa ubaya. "Binti, mwenyewe ulitaja laki saba. Mtu akitaja, sisi tufanyeje? Hebu niambie ukweli, ile laki saba uliitoa wapi? Maana hata sisi tulishangaa."

Kitinda alimwangalia mama yake. Mama Mpishi akatikisa kichwa, usiseme, usiseme.

"Nilichanganyikiwa tu," alisema Kitinda. "Niliulizwa mshahara, nikataja jina la mama yangu."

"Jina la mama yako?"

"Ndiyo. Mama yangu anaitwa Laki Saba."

Yule mama hakucheka tena. Aliguna, mguno wa mtu mzima aliyeelewa kabisa, labda kupita walivyotaka aelewe. "Njoo saa sita," alisema. "Usiulete ule mkataba. Uchane."

Walikuja kukubaliana milioni moja na elfu hamsini. Lakini Mama Mpishi hakungoja habari hiyo. Saa tatu asubuhi alikuwa amekwishapanda ngazi za ofisi ya meneja mkuu, ambazo katika miaka thelathini na moja alizipanda mara chache sana, na kila mara kwa kuitwa. Alitaja namba. Sauti ilimtoka nyembamba, ya kitoto, akajichukia. Meneja aliweka kalamu chini, kwa kweli ameshangaa.

"Mama Mpishi, mbona siku zote hukusema? Tulikuuliza. Ulituambia mtakachoona."

"Nilisema."

"Basi, ndicho tulichokiona." Akajikuna shingo, akaitazama saa ya ukutani. "Ngoja bajeti mpya ije. Tutaona."

"Safari hii nimeona mimi," alisema Mama Mpishi. Akashuka ngazi ameshikilia ukuta. Huko vyunguni aliulizwa chungu cha pili vipi, akaonja, akasema magadi bado.

Jumapili shemeji alikuja kama kawaida yake, sauti imemtangulia mlangoni. Watoto wa jirani walikuwepo, na dada wa marehemu mumewe naye alikuwepo, na Kitinda alikuwa anapanga viti. Shemeji alikuwa na karatasi imechomoza kwenye mfuko wa shati, orodha ya mahitaji ya shule ya wanawe, ambayo kila muhula Mama Mpishi aliipokea na kuilipia akisema Mungu anasaidia.

"Laki Saba!" aliita. "Laki Saba mkubwa yuko wapi?"

"Shem," alisema Mama Mpishi, "usiniite hivyo tena."

Shemeji akapanua mikono, akawageukia watu wote, uso unang'aa. "Si niliwaambia! Haya, tutajie jina jipya. Wamekuongeza ngapi?"

Sebule nzima ikamgeukia. Alihisi masikio yanawaka moto. Kitinda aliacha viti, akaja akasimama karibu yake. Hili lilikuwa la mama yake kulisema.

"Hawajaniongeza," alisema Mama Mpishi. "Ndiyo maana. Bado ni ile ile, shem. Miaka kumi na miwili, ni ile ile."

Shemeji akaishusha mikono. Aliwatazama watoto wa jirani, akaitazama sakafu. Kisha mkono wake ukapanda taratibu kwenye mfuko wa shati, ukaisukuma ile karatasi ndani mpaka haikuonekana tena.

"Kaa, shem," alisema Mama Mpishi. "Chai iko tayari."